Utunzaji wa Slaidi za Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya fundi, si ya muuza slaidi. Yameandikwa kwa ajili ya mafundi, waokoaji na mameneja wa hoteli na bustani za maji, hasa huku Pwani, ambako jua, chumvi na umeme wa kukatika-katika huzitesa slaidi kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyodhani. Mzazi mdadisi naye karibu. Yapo mambo mawili matatu atakayoweza kuyaona mwenyewe akiwa kwenye foleni na mwanawe.

Asubuhi kabla ya kufungua, niangalie nini hasa?

Anzia juu. Pampu iwe imezimwa, swichi yake imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwako, si mezani kwa mtu. Vua viatu, toa pete na saa, kisha ingia ndani ya slaidi ikiwa bado kavu na ushuke polepole. Palipo na mteremko mkali usijifanye shujaa: vaa mkanda wa usalama, kamba ifungwe juu, na mtu wa pili awepo.

Chukua soksi ya nailoni, ile nyembamba ya akina mama, uivae mkononi kama glovu. Ipitishe sakafuni na kwenye kuta hadi usawa wa bega la mtu aliyekaa. Soksi ikinasa, simama. Inaweza kuwa silikoni iliyochanika, unyuzi wa faiba uliochomoza, au gamba la chokaa. Kiganja kitupu cha fundi kina sugu na hakisikii kila kitu. Ngozi ya mgongo wa mtoto husikia. Weka alama kwa chaki na uendelee, usikae kurekebisha hapo hapo ukasahau kumaliza ukaguzi.

Ukifika chini, rudi kwa nje. Tazama bolti, nguzo, na sehemu ambazo slaidi imekalia chuma. Bolti iliyolegea mara nyingi huacha mchirizi wa kutu au kitobo kilichochakaa kuizunguka. Halafu washa pampu, acha maji yapite kama dakika 15, na usimame chini ya slaidi ukiangalia juu. Tone linalodondoka leo mahali ambapo jana palikuwa pakavu linakueleza ni ungio gani limefunguka. Mwisho, mfanyakazi mzoefu ashuke kabla ya mteja yeyote. Akisema "leo imenirusha pale kwenye kona ya pili", msikilize.

Kwa nini mafundi mnasumbuka sana na maungio?

Kwa sababu slaidi ni vipande vya faiba vilivyofungwa bolti, na mtu hujeruhiwa pale vipande viwili vinapokutana. Fikiria makuti ya paa: la juu humwagia la chini. Slaidi nayo ni hivyo hivyo. Kipande cha juu kikiwa juu kidogo kuliko kinachofuata, mtu hupita bila kujua. Kikigeuka, kipande cha chini kikanyanyua mdomo wake kumkabili mteleza, umepata wembe. Si lazima uwe mkubwa. Milimita chache zinatosha kuchana ngozi iliyolowa ya mtu anayekuja kwa kasi.

Kinachosogeza maungio mara nyingi kipo chini ardhini. Slaidi nyingi za Pwani zimesimama kwenye mchanga. Baada ya masika, msingi mmoja ukishuka kidogo, nguzo huvuta kipande chake na ungio hufunguka upande mmoja. Ukijaza silikoni kila mwezi kwenye ungio lile lile, acha silikoni, kachunguze msingi.

Silikoni ya dukani, ile ya kuzibia sinki, inafaa?

Hapana. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na hula chuma, na hata isingekula haidumu kwenye sehemu inayolowa na kutikisika kutwa. Tumia aina aliyoitaja mtengenezaji wa slaidi, mara nyingi ya polyuretani kama inayotumika kwenye boti. Futa ya zamani yote, kausha, paka, sawazisha, na uache muda ulioandikwa kwenye lebo yake upite. Kupaka saa moja asubuhi na kufungua saa tatu ni kuwapaka wateja.

Nimeona nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Nifunge?

Inategemea zimefika wapi. Juu ya faiba kuna ngozi laini yenye rangi, mafundi huiita jelikoti. Hiyo hupasuka yenyewe kwa jua, kwa kupigwa na kitu, au ilipopakwa nene kupita kiasi. Nyufa zikiishia hapo, unaweza kupanga siku ya kuzirekebisha.

Sasa gonga kwa sarafu kuzunguka mahali hapo. Faiba nzima hulia kwa sauti kali. Iliyoachana matabaka hulia bubu, kama kugonga boga. Kandamiza kwa kiganja: ufa unapumua? Chungulia upande wa nje: kuna unyevu, au doa jeupe la nyuzi? Ufa uko karibu na bolti, au kwenye kona ambapo mwili wa mtu hugonga? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kufunga slaidi hiyo siku hiyo hiyo.

Ufa unaouacha kwa muda, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe pembeni. Wiki ijayo, kama umepita alama, unajua uko safarini.

Tuna fundi hodari wa boti za faiba. Anaweza kututengenezea?

Mikono anayo. Anajua kuchanganya rezini, ile gundi ya faiba, na kigumishi chake, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2, anajua kulaza mkeka wa faiba na kutoa hewa kwa rola. Anachotakiwa kukumbushwa ni kwamba boti hupendeza nje na slaidi hupendeza ndani. Fundi wa boti amezoea kuacha ndani pakiwa na nyuzi za kuchoma. Kwenye slaidi, huko ndani ndiko watu wanakoketi. Kazi haijaisha mpaka msasa wa maji umepita kuanzia namba 400 hadi 1200 au zaidi, na soksi ya nailoni imepita bila kunasa.

Mambo mawili ya kumkataza. Asitumie pati ya magari: hunyonya maji na kung'oka kwa vipande. Na asifanye kazi hiyo siku ya mvua au manyunyu, kwa sababu unyevu huharibu ugumu wa rezini. Kile kigumishi pia si cha kuchezea. Tone moja jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ya kazi ni lazima, hata kama ni "kaufa kadogo tu, bosi".

Sehemu inayobeba uzito, yaani mdomo wenye bolti au mahali nguzo inaposhika, usimpe fundi wa boti peke yake. Hapo muulize mtengenezaji au mhandisi.

Rangi imepauka na ukiigusa inaacha unga mweupe. Ni uchafu?

Ni jua limekula jelikoti. Huondolewa kwa kupiga polishi, kisha nta ya boti. Angalizo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: slaidi iliyopigwa nta jana ina kasi kuliko ile waokoaji waliyoizoea. Wafanyakazi waijaribu kwanza, wepesi na wazito, kabla ya kumpandisha mgeni.

Nitajuaje kwamba maji yanayoshuka yanatosha?

Maji yakipungua, mtu hukwama au huchunika ngozi. Yakizidi, humwinua, na kwenye kona hupanda ukutani kuliko ilivyokusudiwa. Mtengenezaji ameandika kiasi kinachotakiwa. Ukishakipata, tafsiri kwa lugha ya macho: sindano ya geji ya pampu iko wapi siku slaidi ikiwa sawa, na maji yanagusa wapi kwenye ukuta wa kona ya kwanza. Piga mstari hapo. Tangu hapo hata mwokoaji mgeni ataona maji yakishuka chini ya mstari.

Sababu za kawaida za maji kupungua ni kikapu cha chujio kilichojaa majani, nywele na bendeji. Vali iliyofunguliwa nusu. Au kina cha tangi kilichoshuka mpaka pampu ikameza hewa. Pampu inayomeza hewa utaisikia kama imejaa changarawe.

Kuna moja iliyonipotezea siku nzima. Kwenye hoteli fulani, slaidi ilikuwa inadhoofika kila umeme ukikatika na jenereta kuwashwa. Tulisafisha chujio, tukafungua vali, tukalaumu pampu. Mzee mmoja fundi umeme alikuja, akaitazama feni ya mota kwa nyuma, akacheka. Jenereta ilikuwa imeungwa fezi mbili zimebadilishana, kwa hiyo mota ilizunguka kinyume. Pampu ya namna ile ikizungushwa kinyume bado inasukuma maji, ila kidogo, na hilo ndilo linalodanganya watu. Alibadilisha nyaya mbili, akanywa chai yake, akaondoka. Tangu siku hiyo, pampu yoyote ninayoikuta naichorea mshale wa upande wa kuzunguka kwa rangi nyekundu.

Na umeme ukikatika watu wakiwa ndani ya slaidi?

Maji huisha ndani ya sekunde chache. Aliye kwenye mteremko hufika chini akiwa amechunika kidogo. Aliye kwenye bomba lililofungwa na lenye mteremko mdogo anaweza kukwama gizani. Yeye peke yake hana hatari kubwa. Hatari ni anayefuata.

Kwa hiyo mwokoaji wa juu awe na amri moja isiyo na mjadala: sauti ya maji ikibadilika, mkono unazuia. Asingoje taa, asingoje redio. Kama kuna taa nyekundu na kijani ya kuruhusu watu, ziwe na betri yake, na zikipata hitilafu zibaki nyekundu. Aliyekwama aambiwe kwa sauti akae, asisimame, asipande kurudi juu, ajisukume taratibu kwa mikono hadi chini, au afuatwe na mfanyakazi.

Jenereta ikiwaka, pampu isijiwashe yenyewe. Mtu ahakikishe bomba ni tupu ndipo abonyeze. Tazama na bwawa la chini pia: maji yote yaliyokuwa njiani hurudi humo pampu ikizimika, na kama tangi lilikuwa limejazwa mpaka mdomoni, yatamwagika hadi chumba cha pampu.

Dawa ya maji inahusiana nini na usalama wa slaidi?

Sana. Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.6. pH ikipanda, klorini ile ile hufanya kazi kidogo, na chokaa huanza kuganda. Visima vingi vya Pwani vina maji magumu au ya chumvi. Chokaa yake hujenga gamba juu ya faiba, na gamba hilo ni msasa. Pima asubuhi, mchana na jioni. Siku ya sikukuu, wakati bwawa limefurika watoto, pima kila saa mbili au chini ya hapo. Slaidi hurusha maji hewani na juani, kwa hiyo klorini huisha haraka kuliko kwenye bwawa lililotulia.

Mtoto akiharisha bwawani, toa watu wote na uzime slaidi zote zinazotumia maji hayo. Kuna kijidudu kiitwacho Cryptosporidium ambacho huishi siku kadhaa kwenye klorini ya kawaida. Mwongozo wa CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, kwa maji yasiyo na kitulizo cha klorini (dawa inayozuia jua lisiile klorini) ni klorini miligramu 20 kwa lita kwa saa 12 na dakika 45, pH isizidi 7.5. Meneja hatafurahi. Mwambie biashara ya leo imeisha.

Stoo ya dawa: klorini ya unga na asidi visikae rafu moja, wala kijiko kimoja kisitumike kote. Vikikutana hutoa gesi inayoua. Hata aina mbili tofauti za klorini hazichanganywi.

Kunguru na nyigu wanatusumbua. Ni suala la matunzo?

Ndiyo, tena usicheke. Kunguru hupenda kukaa juu ya mnara wa slaidi na mfupa wa kuku aliouokota jikoni. Mfupa huo nimewahi kuukuta katikati ya slaidi ya watoto saa mbili asubuhi. Nyigu nao hujenga ndani ya mabomba yaliyofungwa, juu, mahali ambapo maji hayafiki. Chungulia na tochi.

Chuma gani kinafaa karibu na bahari?

Bolti za stenlesi 316, si 304. Zinafanana kwa macho, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye karatasi. Stenlesi nayo hupasuka kwa ndani ikikaa kwenye klorini na chumvi bila kuoshwa, na kwa nje ikabaki inang'aa. Nguzo za chuma cha kawaida ziwe zimechovywa zinki. Sehemu ya kuogopa ni pale nguzo inapoingia kwenye zege: maji hukaa, rangi hufunika, kutu hula. Gonga kwa nyundo ndogo na ukwangue rangi palipovimba.

Wageni wanapanda na jinzi, au dada kavaa buibui. Tuwakataze?

Jinzi, ndiyo. Zipu na vifungo vyake vya chuma huchora jelikoti, na mchoro huo humchana atakayefuata. Vivyo hivyo mikanda, vikuku vya chuma na simu mfukoni. Nguo pana zenye kitambaa kirefu hushika maji, huzuia mtu katikati ya bomba, au hunasa. Hilo halihusiani na stara. Suti za kuogelea za kufunika mwili zilizobana na zisizo na chuma zinafaa kabisa, na bustani yenye busara huwa nazo chache za kukodisha. Sema naye pembeni, kwa adabu, kabla hajapanda ngazi zote zile. Kumrudisha mama wa watu kutoka juu mbele ya foleni ni ukosefu wa ustaarabu na uzembe wa mlinzi wa chini.

Kuna ubaya gani marafiki wakishuka pamoja? Slaidi si imara?

Slaidi imepigiwa hesabu ya watu wanaopita, si wanaorundikana. Juni 1997, huko Concord, California, kundi la wanafunzi wa sekondari lilishuka kwa pamoja na kujazana ndani ya bomba. Slaidi ilivunjika, msichana mmoja alifariki na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Mei 2022, huko Surabaya, Indonesia, kipande cha slaidi kilikatika na watu wakaanguka kutoka kimo cha karibu mita 10. Waliojeruhiwa walikuwa 16.

Mmoja mmoja, chali, miguu mbele, mikono kifuani. Anayefuata aachiliwe baada ya wa mbele kutoka majini, si baada ya kutua tu. Mzazi ukiwa kwenye foleni, mtazame mwokoaji wa juu: anaangalia chini, au anaangalia simu?

Tunaweza kubadilisha kidogo, tuongeze kona au mwinuko?

Hapana. Slaidi ya Verrückt ya Kansas City, Marekani, ilifunguliwa 2014 ikiwa na kimo cha mita 51, na ilikuwa imejengwa kwa kujaribu na kurekebisha. Agosti 2016 boya lililobeba watu lilipaa kwenye mwinuko wake wa pili na mtoto wa miaka 10 akafariki. Ilibomolewa 2018.

Sheria inasemaje, na nani anakagua?

Viwango vinavyotajwa zaidi duniani ni EN 1069 ya Ulaya na ASTM F2376 ya Marekani; kitabu cha slaidi yako huenda kinataja kimojawapo. Kwa upande wa wafanyakazi, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na Kenya ina yake ya 2007. Ukaguzi wa kila siku ni wako. Mara moja kwa mwaka lete mhandisi wa nje asiyelipwa kwa kukufurahisha.

Bwawa la kutua lina nini cha kukaguliwa?

Kina chake, kwanza: maji yakishuka sentimita chache, anayetua hugonga sakafu. Kisha vifuniko vya mashimo ya kunyonyea maji. Kifuniko kilichovunjika au kilichokosa skrubu ni sababu ya kuzima pampu papo hapo, kwa kuwa mvuto wake unaweza kushika nywele au mwili wa mtoto na mtu mzima asiweze kumtoa. Mashimo yawe mawili au zaidi yaliyotengana, ili moja likizibwa lingine livute.

Daftari ni la nini kama kila kitu kiko sawa?

Ili siku kisipokuwa sawa ujue kilianza lini. "OK" kila siku kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule si ukaguzi. Ni mtu aliyejaza wiki nzima Jumamosi jioni. Andika namba: geji, klorini, pH, ungio la 7 linadondoka.

Radi?

Funga ukisikia ngurumo. Fungua dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mnara wa slaidi ndio mrefu kuliko vyote hapo, na una ngazi za chuma zilizojaa watu waliolowa.

Tunafunga miezi miwili wageni wakipungua. Tufanyeje?

Osha slaidi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, piga nta, ondoa maboya juani. Toa maji kwenye pampu na mabomba, na usiache vidimbwi kwenye vipande vya chini, la sivyo utafuga mbu wa mtaa mzima. Geuza shafti ya pampu kwa mkono mara moja kwa wiki isigande. Siku ya kufungua, rudia ukaguzi wote tangu mwanzo, pitisha maji yenye klorini ya kutosha na kuyamwaga kabla mtu hajarushiwa usoni, na kabla hujaingiza kichwa kwenye bomba lolote, gonga ubavu wake kwa nguvu mara tatu, usubiri. Nyigu walikuwa na miezi miwili.